Machimbo ya Gale

Kuna dalali mmoja wa viwanja hapa Dodoma, kazi yake kuokota picha kwenye stetasi za watu. Na mimi stetasi yangu ni picha za sayari ya Mirihi tupu, maana nimesomea jiolojia na mpira siufuatilii. Siku hiyo niliweka mawe ya Gale, kreta (shimo kubwa) ya huko Mirihi, picha iliyopigwa na Curiosity, kigari cha utafiti: matabaka membamba yamelala mshazari, kama chapati zilizoteleza sahanini. Chini nikaandika: "Gale. Matabaka safi kabisa."

Kilichoniponza ni rangi. Picha hizi hurekebishwa mawe yaonekane kana kwamba yamepigwa na mwanga wa duniani, ili mwanajiolojia ayatambue upesi. Basi hata anga likatoka na kasamawati. Ukiitazama kwa haraka unaapa ni Mpwapwa, kiangazi.

Jumamosi asubuhi, Fuso hilo getini. Akashuka mzee mmoja, kanzu imenyooka, daftari kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata mawe ya kubandika ukutani. Dalali nimeshamalizana naye."

Akanionyesha simu. Picha yangu ileile, na maneno mekundu juu yake: MACHIMBO YANAUZWA, MWENYEWE ANA SHIDA.

"Mzee wangu, hapa ni Mirihi."

"Ndiyo kata gani?"

"Si kata, ni sayari."

Akanitazama kama mtu anayezungushwa bei. "Maji yapo?"

"Yalikuwepo, zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita. Huu mshazari unaouona ni mchanga uliomwagwa na mto ukiingia ziwani."

"Kwa hiyo pamekauka." Akaandika. "Utapunguza. Mlinzi je?"

"Hakuna mtu. Kuna hicho kigari tu, magurudumu sita, kipo huko tangu 2012."

"Cha nani?"

"Cha Wamarekani."

Kalamu ikasimama. "Kumbe pana mwekezaji! Mbona dalali hakusema?"

Akampigia palepale, akaweka spika. Nikajua leo jamaa kapatikana. Wapi! Hakumeza hata mate:

"Mzee, usitishike. Wale wana leseni ya utafiti tu. Ya kuchimba hawana."

Uso wa mzee ukakunjuka. Akafungua ukurasa mpya.

"Haya, mwanangu, tuanze na tripu mbili. Barabara yake masika inapitika?"