Simu ya Linux: kabla hujanunua, sema unataka kuchokonoa nini

Kila wanapokutana vijana wa kompyuta hapa Unguja, wawe wa chuo cha SUZA kule Tunguu au wa Taasisi ya Karume kule Mbweni, hakosekani mmoja wa kuuliza: hizi simu za Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, mtu anunue? Anayeuliza huwa ameshaziona picha za PinePhone, simu ya Pine64 inayotumia Linux yenyewe badala ya Android, ameshaipenda, na anachotafuta ni mtu wa kumruhusu. Mimi namruhusu, ila kwanza namuuliza anataka kuchokonoa nini. Wengi hukwama hapo.

Maana Linux unayo tayari mfukoni. Android imejengwa juu ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, na ukiweka programu ya Termux kwenye Tecno yako unapata terminali kamili, yaani dirisha la kuandika amri, lugha ya Python, zana kama git na ssh, hata seva ndogo ya tovuti. Mpwa wangu alinijia na hamu yake: "Mjomba, nataka kujifunza Linux, na mama ameshakubali kunichangia simu." Nikamwambia pesa ya mama yake ikae kwanza, aanze na Termux. Sasa anaandika humo programu ya kukadiria maji kujaa na kupwa, kwa takwimu za kipima maji cha bandari yetu, ambazo zipo tangu miaka ya 1980 na zinapatikana bure. Hesabu si ndogo, kwa sababu siku za bamvua tofauti ya maji hapa hufika karibu mita nne, na ukikosea kidogo tu mvuvi atakucheka. Lakini kwa kazi hiyo yote hakuhitaji simu mpya.

Termux inaishia juu, huko chini haifiki. Butiloda, programu inayoiwasha simu, imefungwa, kerneli ni ile aliyoiweka mtengenezaji, madreva yake, programu za kuendesha vifaa vya ndani, ni siri, na baada ya miaka michache masasisho yanakoma huku kioo na betri bado vizima. Ukitaka kujua simu inawakaje, modemu inazungumzaje na mnara, au kwa nini betri inaisha ukiwa umelala, hapo ndipo simu ya Linux yenyewe inapokuwa na maana. Na kwa hilo, mimi sijaona inayoishinda PinePhone ya kwanza, ile iliyoanza kutoka mwaka 2020.

Ukiisoma kwenye karatasi utaidharau. Chipu yake ni Allwinner A64, ya mwaka 2015. RAM ni GB 2, au GB 3 kwa toleo la dola 199, ambalo kwa dola ya siku hizi ni karibu shilingi laki tano bila usafiri. Kwa pesa hiyo Darajani unapata Samsung yenye nguvu mara kadhaa. Ila hiyo Samsung hutaifungua kwa ukucha. PinePhone mfuniko wake wa nyuma unatoka kwa mkono, na ndani yake kuna vitu vya kumfurahisha mtu wa aina yetu.

Cha kwanza ni memori kadi. Simu hii ikiwaka hutazama kadi kwanza kabla ya hifadhi ya ndani. Unaweka mfumo mmoja kwenye kadi, unauharibu unavyotaka, unaitoa, na simu inawaka na mfumo wake wa ndani kama kawaida. Kwa mwanafunzi hii ni neema. Simu nyingine ukikosea kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, unabaki na tofali, na fundi anakwambia "niachie mpaka kesho" kwa sauti ambayo unajua hiyo kesho haipo. Mifumo ya Linux ya simu ni mingi, na hapa unaweza kuwa na kadi ya postmarketOS, nyingine ya Mobian, nyingine ya Ubuntu Touch, ukazibadilisha kama kanda.

Cha pili ni swichi sita ndogo chini ya mfuniko. Tano zinakata modemu, Wi-Fi na Bluetooth, maikrofoni, kamera ya nyuma na ya mbele. Ya sita ndiyo ninayoipenda: inaligeuza tundu la hedifoni kuwa njia ya siriali, ya kutoa maandishi kwa waya, hivyo kwa kebo unasoma kwenye kompyuta kila neno ambalo kerneli inalisema tangu sekunde ya kwanza. Kioo kikigoma kuwaka, wewe bado unajua imefika wapi.

Hizo swichi nyingine tano watu huzisifia kwa ajili ya faragha. Sizikatai, ila tusidanganyane: laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole, na maadamu modemu imewashwa mnara unajua uko wapi. Anayenunua PinePhone ili ajifiche, pesa yake bora aile.

Modemu nayo ina hadithi yake. Ni Quectel EG25-G, na ndani yake inaendesha Linux yake peke yake, kwa hiyo simu moja ina Linux mbili. Kuna watu wameshaiandikia programu mbadala ya chanzo huria, na unaweza kuiweka. Inashika masafa mengi ya dunia, yakiwemo ya 800 na 1800 MHz. Kitu kimoja tu usikiguse humo: IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Kuibadilisha ni rahisi na ni kosa la jinai Tanzania, na wanaokumbuka simu bandia zilivyozimwa mwaka 2016 wanajua jambo hilo halina mzaha.

Halafu betri, ambayo kwa sisi wa visiwani inanishawishi kuliko vyote. Watengenezaji waliamua itumie umbo la betri ya Samsung J7. Betri hiyo utaipata Darajani, utaipata Mlandege, na sitashangaa ukiipata Wete. Simu iliyobuniwa na watu wa mbali, inayouzwa mtandaoni tu, halafu kipuri chake kinachokufa mapema kuliko vyote kipo dukani mtaa wa pili! Ni simu ngapi za bei kubwa zinaweza kusema hivyo?

Sasa machungu yake. Ukiitegemea kama simu yako ya pekee, utagombana na watu wa nyumbani. Ikiwa imelala na ukapigiwa, inachukua sekunde kadhaa kuamka, na kuna simu zitakupita. Ikiwa macho, betri haikufikishi jioni. Kamera ni ya kuthibitisha kwamba kamera ipo. Ukifungua Firefox na kurasa mbili tatu nzito, unaweza kwenda kutawadha ukarudi ukaikuta bado inafikiri.

WhatsApp ndiyo kikwazo kikubwa, na hapa kwetu bila WhatsApp hujui hata maziko ni saa ngapi. Akaunti inataka simu kuu ya Android au iPhone. Unaweza kuiunganisha WhatsApp ya kivinjari na simu hiyo nyingine, au kutumia Waydroid, inayoendesha programu za Android ndani ya Linux, lakini kwa GB 3 za RAM ni kuitesa. Ndiyo maana ile Tecno usiiuze.

Pesa za simu, kinyume na wengi wanavyodhani, hazina shida hivyo, kwa sababu huduma zetu zinapita kwenye menyu za nyota na reli, ziitwazo USSD, na ModemManager, programu ya Linux inayosimamia modemu, inazijua. Unaweza hata kutuma pesa kwa amri yake ya mmcli kwenye terminali. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba amri zote zinahifadhiwa kwenye historia ya terminali, na namba yako ya siri itakaa humo wazi, ikimsubiri wa kuisoma. Ifute.

Nyingine sizipi nafasi kubwa. Librem 5 ya Purism ilianza kuchangiwa mwaka 2017 kwa dola 599, baadaye ikapita 1,000. Kwa kuchokonoa tu ni israfu. PinePhone Pro ilikuwa na nguvu zaidi, lakini 2025 Pine64 walitangaza kuacha kuitengeneza, na sioni sababu ya kuanza na simu iliyokwisha fungiwa mlango. OnePlus 6 ya 2018 ikiwa na postmarketOS ni ya kasi kuliko zote hizi, na ukiikuta mtumba kwa bei nzuri ichukue, hasa kama hamu yako ni kuandika programu zaidi ya kufungua nati. Tatizo ni kuikuta. Maduka yetu yamejaa Tecno, Infinix na Samsung, na nyingi kati ya hizo hazina kerneli safi ya kuwekewa, yaani ya Linux yenyewe na si ile ya mtengenezaji.

Kwa hiyo jibu langu kwa aliyekwisha pita Termux na anataka kushuka chini: chukua ile ya GB 3. Usisahau kebo ya siriali kwenye oda hiyo hiyo, kwa sababu hapa huipati. Memori kadi nunua mbili nzuri, si zile za kwenye meza. Posta na betri za lithiamu hazipatani sana, kwa hiyo kama una ndugu Dubai au Uingereza iagize kwake, aje nayo kwenye begi la mkononi. Na risiti aje nayo pia, kwa sababu simu isiyojulikana jina ni kazi kumweleza mtu wa forodha kwamba ni ya dola 199 na si ya 900.