Nevada: Ardhi ya Umma, Sherifu wa Kaunti na Mizani ya Sheria

Takriban asilimia 80 ya ardhi ya jimbo la Nevada, nchini Marekani, iko mikononi mwa serikali kuu ya Washington. Mzozo kuhusu ardhi hiyo una umri wa jimbo lenyewe, kwa kuwa Nevada iliingizwa katika muungano mwaka 1864 kwa sharti la kuachia madai yote juu ya ardhi ambayo haikuwa imegawiwa mtu. Swali la umiliki limezaa jingine gumu zaidi: nani asimamie sheria huko, askari wa serikali kuu au sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, aliyechaguliwa kwa kura na wakazi wake?

Malalamiko ya wafugaji si ya kupuuzwa. Familia nyingi zilikuwa zikichunga katika nyanda zile kabla ya sheria ya malisho ya mwaka 1934 kuleta vibali na ada, na tangu hapo idadi ya mifugo yao imekuwa ikiamuliwa na maofisa ambao hawawajibiki kwa mpiga kura yeyote wa kaunti. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipotamka kwa sheria kwamba ardhi hizo kwa kawaida zitabaki mali ya taifa, hasira ilipanda, na mwaka 1979 Bunge la Nevada likapitisha sheria ya kudai mamilioni ya ekari. Kaunti nazo haziwezi kutoza kodi ardhi ya serikali kuu. Hulipwa fidia badala yake, lakini kiasi chake huamuliwa Washington.

Hata hivyo, kisheria madai ya jimbo ni dhaifu. Ibara ya 4 ya Katiba ya Marekani inalipatia Bunge la taifa mamlaka juu ya mali ya taifa, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 1976 katika kesi iliyohusu punda wasiofugwa wa New Mexico. Kaunti ya Nye ilipojaribu kujitwalia mamlaka hayo, ilishindwa mahakamani mwaka 1996. Isitoshe, ardhi ambayo Nevada ilipewa kwa ajili ya shule zake karibu yote iliuzwa zamani. Anayeamini kwamba jimbo likikabidhiwa nyanda hizo wafugaji wataendelea kuchunga kwa bei nafuu, kwanza aitazame historia hiyo.

Mgongano huo ulifikia kilele karibu na Bunkerville, kusini mwa Nevada. Mfugaji Cliven Bundy aliacha kulipa ada mwaka 1993, baada ya serikali kupunguza malisho ili kumlinda kobe wa jangwani, na mahakama zikamwamuru mwaka 1998 na tena mwaka 2013 aondoe ng'ombe wake. Ada hiyo mwaka 2014 ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake. Asubuhi ya Aprili 12, 2014, sherifu wa Kaunti ya Clark, Doug Gillespie, alipanda jukwaani mbele ya wafuasi wa Bundy kutangaza kwamba operesheni ya kukamata mifugo imesitishwa, naye Bundy akamtaka awanyang'anye silaha askari wa hifadhi. Baadaye umati ulishuka kwenye korongo lililo chini ya barabara kuu, huku watu wenye bunduki wakiwa juu ya daraja, baadhi yao wakiwalenga maofisa kupitia nafasi za kingo za zege. Maofisa waliwaachia ng'ombe wakaondoka. Mwezi Januari 2018 jaji alifuta mashtaka dhidi ya Bundy kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi uliopaswa kukabidhiwa utetezi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa serikali inayodai utii wa sheria lazima nayo iitii, lakini amri za kuondoa mifugo zilibaki bila kutekelezwa.

Linganisha na yaliyowapata Mary na Carrie Dann, dada wawili wa kabila la Western Shoshone. Mkataba wa Ruby Valley wa mwaka 1863 uliruhusu wageni kupita katika nchi ya Washoshone bila kusema kwamba wameiuza. Serikali ilitenga fidia ya dola milioni 26, kabila likaikataa, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuwekwa kwa fedha hizo katika akaunti inayosimamiwa na serikali yenyewe kunatosha kuhesabiwa malipo ya ardhi hiyo. Mwaka 2002 na 2003 maofisa wenye silaha walikamata mifugo ya familia hiyo iliyokuwa ikilishwa huko bila kibali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Wenye kudai kwamba sherifu ndiye mwenye neno la mwisho husahau kwamba amechaguliwa na majirani wa mshtakiwa, na kwamba Mshoshone aliye mchache katika kaunti hana kura za kutosha kumlinda. Watetezi wa Washington nao wanapohubiri usawa wa sheria, wanapaswa kueleza kwa nini ilitekelezwa kwa dada wawili wenye mkataba, kisha ikakwama mbele ya mtu ambaye hakuwa na mkataba wowote bali alikuwa na bunduki nyuma yake. Sheria ile ile ya mwaka 1976 inaruhusu mikataba ya kuwatumia askari wa kaunti kulinda ardhi ya taifa. Mikataba hiyo ingepunguza ugeni wa askari, mradi amri za mahakama zibaki juu ya sherifu na ofisa wa Washington vilevile, na madai ya Washoshone yasikilizwe kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kulikabidhi jimbo hata ekari moja.