Kioo cha chemli alikuwa anakifuta nani?

Mjomba wangu ana tabia moja. Kila baada ya wiki chache, mara nyingi Ijumaa akitoka msikitini, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya kitu cha kale: redio ya mbao, pasi ya mkaa, baiskeli yenye dainamo. Chini yake huandika maneno yale yale: "Enzi zetu. Maisha yalikuwa matamu." Wajukuu wanaweka vidole gumba, mashangazi wanaweka machozi, yanaisha. Mwezi uliopita akatuma taa ya chemli. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa na ambaye kuandika kwenye simu kunamchosha, akajibu kwa sauti, sekunde sita tu: "Na kioo cha hiyo taa alikuwa anakifuta nani? Wewe?"

Kundi lilinyamaza mpaka Magharibi.

Tulikuwa tunakaa Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 80. Nguzo za umeme zilipita barabarani, kwetu hazikuingia. Kila siku saa kumi na moja jioni dada yangu, wakati huo ana miaka tisa, alikaa kizingitini na zile taa mbili za nyumba. Kioo kimejaa masizi ya jana. Unainua waya, unakitoa taratibu, unakunja kipande cha gazeti, unaingiza mkono mpaka kwenye tumbo la kioo na kuzungusha. Ilikuwa kazi ya mtoto kwa sababu moja tu: mkono wa mtu mzima hauingii. Kwa nini mtoto wa kike na si mimi, hilo hakuna aliyeuliza. Ukibana sana kinapasuka, na kioo kingine dukani hakuna. Siku moja kilipasuka, kikamchana kati ya kidole gumba na cha shahada. Alichapwa kwanza, ndipo akafungwa kitambaa. Alama anayo hadi leo.

Mjomba alikuwa kijana, anaishi nasi, anafanya kazi kiwanda cha mbolea. Akirudi jioni anakuta taa inawaka. Hajadanganya akisema ilikuwa tamu. Upande aliokaa yeye ilikuwa inatoa mwanga.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza kwa makini nani hasa husema zamani ilikuwa bora. Sitaki kusema ni wanaume peke yao, maana shangazi zangu wawili nao wanaimba wimbo huo huo. Lakini sijamsikia hata mwanamke mmoja wa rika la mama akitamani kinu na mchi. Wala foleni ya bomba la mtaa saa kumi alfajiri.

Na foleni zenyewe! Walio chini ya miaka arobaini wanadhani tunatia chumvi. Mwaka 1983 kupata sukari, mafuta ya kula au sabuni ya mche kulikuwa na utaratibu wake: balozi wa nyumba kumi anajua kaya yako ina watu wangapi, duka la ushirika linapokea mgao, habari zinapita mtaani usiku kwamba kesho kuna sabuni. Hamlali pale, ila jiwe lenu linalala. Kila nyumba ilikuwa na lake. Letu lilikuwa nusu tofali lenye alama ya mkaa. Mama alilipanga usiku kwenye mstari, alfajiri anatutuma kwenda kusimama nyuma yake. Nimewahi kukuta tofali letu limesogezwa nyuma kwa nafasi kumi hivi. Nikalia, na kilio hakikusaidia. Sabuni iliisha zikiwa zimebaki nafasi nne tufikiwe. Wiki hiyo shati langu la shule lilifuliwa kwa majani ya mpapai, yanayotoa povu kidogo ukiyasugua na kuacha harufu ambayo bado naijua.

Sababu zake tunazijua sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, ikaja vita ya Kagera, bei ya mafuta ikapanda duniani, viwanda vyetu vikakosa vipuri na fedha za kigeni. Sisi wa Tanga tulikuwa na la ziada: mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983, na Mombasa ile pale, karibu kuliko Dar es Salaam. Ikawa dawa ya meno ni kitu cha magendo. Inaingia usiku, inauzwa chumbani mlango umefungwa, na ikiisha tunaupasua mrija kwa wembe tufute kilichoganda kwenye mikunjo. Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa na wafanya magendo, Machi 1983, watu waliogopa hadi kutupa bidhaa porini. Wewe unakosa sabuni, kuna mtu anaitupa. Nikikumbuka hilo, neno "tamu" linanikwama kooni.

Kuna msemo ulioenea sana wa kulinganisha enzi hizi mbili: zamani pesa ipo, bidhaa hakuna, leo bidhaa ipo, pesa hakuna. Mama na mjomba wameugombania msemo huu nikiwa nimekaa katikati yao, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mjomba anasema afadhali ya zamani, kwa sababu kitu kisipokuwepo hakikuumizi. Mwalimu hana sabuni, karani hana, jirani hana. Mnavaa katambuga, viatu vya tairi, wote na hakuna anayemcheka mwenzake. Leo unapita dukani na mwanao, sabuni za aina ishirini zinakutazama, na huna ya kununulia hata moja. Hiyo, anasema, ni adhabu. Mama akamwambia, "Walikosa wote? Mwenye duka alikosa? Yule bwana wa ofisini uliyekuwa ukimwamkia alikosa?" Mjomba akacheka, maana anajua mlango wa nyuma ulikuwepo na yeye mwenyewe aliwahi kuupitia kuchukua doti mbili za kanga za harusi.

Hata hivyo sitaki kumdhalilisha mjomba. Ukimtoa kwenye picha za mataa na maredio ukamuuliza taratibu anachokikosa, hasemi taa. Anasema king'ora. King'ora cha zamu ya asubuhi kiwandani, kilichokufanya utoke nyumbani ukijua unakwenda wapi na mwisho wa mwezi kuna nini. Kiwanda kile kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 90 akiwa na watoto watatu, na hakupata tena kazi ya mshahara. Mwanawe wa mwisho ana stashahada na anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na juu yake kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, aliochukua kwa ajili ya ada ya mtoto. Ukimwambia mzee huyo kwamba maisha ya leo ni bora, unamwambia asitazame barazani kwake.

Kwa hiyo anachokikumbuka ni kazi, na hapo niko naye. Akiiita "enzi zetu" ndipo tunapopotezana.

Tena enzi zenyewe zinahama. Kwenye foleni zile zile za 1983 niliwasikia wazee wakisikitika kwamba nchi imeharibika na kwamba maisha yalikuwa zamani, wakati wa mkonge. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna karibu tani 230,000 za mkonge, sehemu kubwa mkoani kwetu. Miaka ishirini baadaye haikufika hata theluthi yake. Mzee aliyesimama nyuma ya jiwe lake alikuwa anaitamani miaka ya 60, na ukimkumbusha kwamba manamba, vibarua waliokata mkonge huo, walilala kwenye mabweni ya bati na kulipwa senti, alikwambia wewe mtoto hujui kitu. Sasa mimi mwenyewe nina watoto wanaosema utotoni mwao, yaani 2012, maisha hayakuwa magumu hivi. Nimebaki kuwaangalia tu.

Kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala, na ndilo linalonifanya niegemee kwa mama. Mama amezaa saba, tupo watano. Mmoja aliondoka na surua, mwingine homa iliyompanda usiku, na asubuhi hakuwepo. Mtaani kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Kila nyumba ilikuwa na kaburi dogo la kwake, na majina ya marehemu walipewa waliozaliwa baadaye. Mimi mwenyewe nimebeba jina la kaka ambaye sikumwona. Kwa takwimu za taifa, mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Hao 43 bado ni wengi mno, na hospitali zetu ukizisema utakesha. Lakini dada yangu amezaa wanne na wanne wote wamemzika baba yao wakiwa watu wazima, kama inavyotakiwa. Mama akiwa na wajukuu hao haulizwi kama zamani ilikuwa bora. Anawahesabu kwa kidole, kisha anawahesabu tena.

Mambo mengine nayapita: vyakula, malezi, adabu. Kuhusu adabu, mtoto aliyekuwa akichapwa na kila mtu mzima wa mtaa hakuwa lazima na adabu, alikuwa na woga, na tofauti yake ninaijua mgongoni.

Wiki mbili baada ya ule ujumbe wa sauti tulikutana nyumbani kwa mama. Saa moja usiku umeme ukakatika. Luku ilikuwa na uniti, ni mtaa mzima. Vijana wakawasha tochi za simu, lakini mjomba alishasimama: "Dada, ile chemli yako bado ipo?" Ipo, stoo, juu ya kabati, vumbi kidole kizima. Mama akampa na chupa yenye mafuta ya taa kidogo, akamwonyesha kiti. Dada yangu akataka kuipokea, mama akamshika mkono.

Mjomba akakitoa kioo, akajaribu kuingiza mkono. Ukakwama kwenye vifundo. Akajaribu vidole viwili. Akaomba gazeti. Hakukuwa na gazeti. Nyumba ile haijanunua gazeti kwa miaka. Akapewa tishu, ikachanika ikabaki humo ndani vipande vipande, akawa anaivua kwa mpini wa kijiko huku anapuliza. Dada alikuwa amekaa mkabala naye, mikono imekunjwa, hasemi kitu. Umeme ukarudi kabla hajamaliza. Akakiweka kioo mezani, nusu safi nusu masizi, akaenda kuangalia mpira.