Bendi Itahiniwe Kama Bendi

Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, kilianzisha shahada ya muziki pendwa mwaka 1990, na vyuo vingine vikafuata. Mtaala ulikuwa mpya, lakini mtihani wa vitendo mara nyingi ulibaki ule wa muziki wa kiklasiki: mwanafunzi anapanda jukwaani, watahini wanaketi mbele yake na fomu ya ufundi wa vidole, usahihi wa noti na uwasilishaji.

Wanaoutetea mtindo huo wana hoja nzito. Shahada hubeba jina la mtu mmoja. Si haki mpiga drams mvivu abebwe na wenzake, wala mwimbaji hodari aangushwe na mpiga besi asiyehudhuria mazoezi. Na mwanafunzi akikata rufaa, chuo lazima kionyeshe alama zake zilipatikanaje.

Lakini mtazame mpiga gitaa la rithimu. Katika muziki wetu wa dansi, solo, rithimu na besi huachiana nafasi, kila gitaa likiingia pale jingine liliponyamaza. Mpiga rithimu hurudia mzunguko uleule, wakati mwingine kwa dakika nyingi, bila kuharakisha wala kuzubaa. Sebene ikipamba moto, wachezaji humshangilia wa solo, ilhali aliyeishikilia ni huyu wa rithimu. Mlete huyo mbele ya fomu ile: kazi yake itaonekana nyepesi, na alama zitafuata. Akishalijua hilo, muhula ujao ataanza kupamba, atajaza kila pengo, na wimbo utaharibika. Chuo kitakuwa kimemfundisha kupiga vibaya, kisha kikamtunuku kwa hilo. Jimmy Nolen, aliyempigia gitaa mwimbaji wa Marekani James Brown, aliusaidia mtindo wa funk kusimama kwa mikwaruzo mifupi tu ya nyuzi. Kwenye kisanduku cha ufundi angeandikiwa nini?

Lucy Green, mtafiti wa London, aliwahoji wanamuziki 14 wa muziki pendwa, wenye umri wa miaka 15 hadi 50. Walikuwa wamejifunza zaidi kwa kusikiliza rekodi na kuigana, na walithamini hisia katika upigaji, pia kuaminika na kuvumiliana ndani ya kundi. Ni mambo ambayo mtu hawezi kuyaonyesha akiwa peke yake.

Kwa hiyo bendi ipewe alama yake, na ndani ya bendi kila mmoja apimwe kwa namna anavyowasikiliza wenzake. Hofu ya wategeaji ina dawa: wanabendi wapimane kwa siri, na kwa kuwa marafiki hubebana, mwalimu naye ahudhurie mazoezi. Hilo hula muda na fedha, na kwa chuo chenye wanafunzi wengi mzigo si mdogo. Bado naona afadhali mitihani michache ya namna hiyo kuliko mingi inayomwadhibu anayecheza kwa ajili ya wimbo. Na mtahini ambaye hajawahi kupiga ndani ya bendi aanzie mazoezini, kabla hajakabidhiwa fomu.