Kuwachanganya sawa, ila msiwatawanye
Nimesoma hii habari kwamba watoto wa vitengo vya elimu maalumu sasa watasoma darasa moja na wenzao, mi naunga mkono kabisa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ndo inataka hivo, ila mbona hamjasema watapangwaje? Ukichukua watoto viziwi wanne ukampeleka kila mmoja mkondo wake, A, B, C, D, yani umemtenga mtoto katikati ya watu, hana wa kuongea nae, na mwalimu anaejua lugha ya alama ni mmoja shule nzima, atajigawa vipi? Wawekeni mkondo mmoja pamoja na wanaosikia, mwalimu wa alama awe hapohapo, na hao wenzao watashika alama chapchap, watoto hawana shida. Mwenye ualbino ni tofauti, huyo hahitaji kundi, mpe dawati la mbele mbali na dirisha lenye jua, na maandishi makubwa. Afu walimu waliosomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi, Arusha, wapangiwe kazi hiyohiyo jamani, sio mtu anajua alama vizuri kapewa darasa la watoto 90 peke yake, inauma sana.