Huzuni Isiyo na Matanga

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi waliwahi kuifikia kwa mitumbwi yao. Wananchi wa ufukweni wakashika kamba wakaivuta. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Sisi wengine tulikuwa na simu tu. Tuliuona mkia wa ndege umechomoza majini, tukauona tena na tena, kila kundi la WhatsApp likileta video ileile.

Naamini kinachotuumiza ni hapo hasa. Mvuvi yule aliona mabaya kuliko sisi, ila alikuwa na la kufanya. Anayetazama simuni anashtuka, moyo unamwenda mbio, na mikono haina kazi zaidi ya kusogeza skrini. Wakati huzuni sisi tunajua kuibeba. Jirani akifiwa utakwenda, utakaa mkekani, utachanga, utachota maji, na siku ya kuanua matanga itafika. Misiba ya mtandaoni haianuliwi matanga. Hujamaliza kulia hili, limeingia la basi na lori, kisha picha za Goma, kisha Gaza, yote kabla ya chai ya asubuhi.

Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine waligundua kwamba waliofuatilia habari zake kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili nyingi za msongo kuliko hata waliokuwapo kwenye tukio. Kwa hiyo ukikosa usingizi kwa ajali ya mkoa usiokuwa na ndugu yako hata mmoja, usijione dhaifu.

Wapo wanaosema kutotazama ni kuwatupa wenzetu wanaoteseka. Nawaelewa, maana hofu yao ni ya utu. Lakini taarifa ya habari ya saa mbili usiku nayo ilitangaza vifo. Ilikuwa na mwisho wake, ikaja michezo, watu wakalala wakiwa wamejua yote ya lazima. Kujua habari hakudai uone maiti.

Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Jiwekee saa moja ya habari na chombo kimoja unachokiamini, na simu isiingie kitandani. Halafu katika mengi yaliyokuchoma, shika moja ulifanyie kitu: toa damu, changia mfuko unaojulikana, mpigie mtu wako aliye huko umsikie sauti.

Ila kuna jambo haliwezi kuachiwa kila mtu na simu yake. Picha za marehemu zinazosambazwa, uso wazi, nguo zimechanika, mara nyingine huwafikia wafiwa kabla hawajapigiwa simu. Mama wa mtu anaweza kuwa ndani ya kundi hilohilo. Wasimamizi wa makundi, ya ukoo, ya mtaa, ya kanisa na msikiti, wekeni sharti hilo leo: picha ya maiti ikiingia ifutwe, na aliyeituma aambiwe. Akiwa mzee wetu aambiwe kwa adabu, lakini aambiwe.