Kisima ni chako, je maji ni ya nani?

Maji ya kisima yenye sumu ya aseniki hayana rangi, harufu wala ladha. Ukiyachemsha, yanayopotea ni maji. Sumu inabaki sufuriani, imekolea zaidi. Pasipo kipimo cha maabara hujui kitu. Basi mwenye kisima binafsi alazimishwe kupima?

Wanaokataa wana la kusema. Kisima kachimba kwa fedha zake, na aseniki mara nyingi haikumwagwa na mtu: imo kwenye miamba na mashapo, inayeyuka taratibu. Hata Marekani, kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kinayabana mashirika ya maji. Visima vya watu binafsi haviguswi na sheria hiyo ya taifa.

Lakini wanaokunywa ni watoto pia, na wapangaji, na mgeni aliyekaribishwa gilasi. Na ugonjwa wenyewe hauna haraka. Miaka inapita, ndipo viganja na nyayo zinaota sugu, ngozi inatoka madoa. Saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu huenda ikafuata. Jimbo la New Jersey linataka maji ya kisima yapimwe nyumba inapouzwa, muuzaji na mnunuzi wote wayaone majibu. Naliunga mkono, ingawa asiyeuza wala kupangisha anaweza kukaa hivyo hivyo hadi kufa.

Kinachonitia shaka ni Bangladesh. Visima vya pampu vilienea huko tangu miaka ya 1970 ili watu waache maji ya madimbwi, yaliyowaletea kuhara. Aseniki ilipogundulika miaka ya 1990, mamilioni ya visima vikapimwa na pampu zikapakwa rangi: kijani salama, nyekundu hatari. Sasa mfikirie mama mwenye ndoo mbele ya pampu nyekundu. Ya kijani iko mbali, dimbwi liko karibu. Akirudi dimbwini, ameikimbia saratani ya miaka 20 ijayo na kuikuta kuhara ya wiki hii.

Kwa hiyo anayelazimisha kipimo alete na chujio, au msaada wa kulinunua. Si mzigo mkubwa kama unavyodhaniwa: aseniki haipenyi sana kwenye ngozi, hivyo mara nyingi inatosha kuchuja maji ya kunywa na kupikia tu. Ila kuna aina ya aseniki inayopenya machujio mengi kirahisi. Chujio likishafungwa, maji yarudi maabara.